Piga marufuku noti unayoipenda

"Mwalimu, mbona huu tuliuimba mwaka jana?"

Aliyeuliza ni mama mmoja wa sauti ya pili kwenye kwaya yetu, na karatasi za nota zilikuwa bado na joto la mashine ya fotokopi. Wimbo nilikuwa nimeutunga Jumanne ya wiki ileile. Nikamwambia amekosea. Usiku nikatoa daftari, nikazipanga nyimbo zangu kumi na nne mezani. Kumi na moja zilimalizika vilevile: besi inatoka fa, inapanda so, inaangukia do. Mama wa watu alikuwa amenistahi tu.

Kabla ya kulala nikajiwekea sheria: mwezi mzima fa na ti zisionekane kwenye karatasi yangu, na kipande chochote kisizidi mapigo 32. Ufupi niliuweka kwa makusudi. Kipande cha nusu dakika kikiharibika hakiumi. Unakichana, kesho unaandika kingine. Niliandika kumi na tisa. Vinne ndivyo ningethubutu kuwapa watu waviimbe.

Ukiziondoa fa na ti unabaki na do, re, mi, so, la. Zile hatua mbili fupi, mi–fa na ti–do, zimekwenda, na umekwenda nazo mvutano wa ti inayolilia do. Sauti hazigombani kirahisi, kwa hiyo niliweza kuiacha sauti ya tatu iifukuze ya kwanza, mapigo mawili nyuma, na mambo yakakaa sawa karibu bila jasho. Kazi ilikuwa mwishoni, maana wimbo wa namna hii haujui kumalizika. Nikavuta noti ndefu, ikawa kama gari linaloishiwa mafuta. Nikapunguza sauti polepole, ikawa redio inayozimwa. Jaribio la saba au la nane, waimbaji wote wakakata neno kwa pamoja, ngoma ikabaki peke yake kwa mapigo mawili, basi. Na mimi nimekulia Dodoma, muheme, ngoma ya Wagogo, nimeusikia tangu utotoni! Ilibidi ninyang'anywe noti mbili ndipo nikumbuke kwamba ngoma nayo ina mdomo.

Kwa hiyo ukiniuliza ujikataze nini, nitakwambia ujikataze kile mkono wako unachokikimbilia bila kuuliza. Anayetunga kwa kinanda chenye midundo ya tayari aizime. Mpiga gitaa anayeanza kila kitu kwenye ufunguo wa G auache. Kujikataza usichokitumia ni sawa na mtu asiyekula nyama kufunga nyama.

Sheria yenyewe iwe ile ambayo mtu mwingine akishika karatasi anaweza kukuonyesha ulipoivunja. "Nitakuwa mbunifu zaidi" si sheria. "Hakuna noti itakayorudiwa mara mbili mfululizo" ni sheria. Na iwe moja, zikizidi mbili. Niliwahi kujiwekea tano kwa mpigo. Wiki nzima sikuandika hata noti moja, nikabaki nikinoa penseli.

Iliyonifundisha zaidi haikuhusu noti, ilihusu maneno. Nilichukua kipande cha mizani nane, "Nimekuja na wenzangu," nikajiamuru: silabi moja noti moja, na pigo zito liangukie pale tu panapokazwa tunapoongea. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo uzito uko kwenye "ku" ya tatu na "nza" ya saba. Maana yake lazima uanze kabla ya pigo zito, ni-me zikiwa ngazi tu ya kupandia. Ukianza na "ni" juu ya pigo zito, unapata ule uimbaji wa nyimbo za kutafsiriwa ambapo neno linavutwa sikio. Nilikuwa nikifanya hivyo miaka yote. Nyimbo zangu! Za mtu aliyezaliwa na lugha hii!

Mwenye roho ngumu amwangalie György Ligeti, mtunzi wa Hungaria. Kati ya 1951 na 1953 aliandika vipande 11 vya piano. Cha kwanza kinacheza noti A peke yake, juu na chini ya kinanda, mpaka mwishoni kabisa inapoingia D. Cha pili kina noti tatu, na kila kinachofuata kinaongezewa moja, mpaka cha mwisho kinatumia zote 12. Nilijaribu kile cha noti mbili na kwaya, kwa ajili ya harusi. Usijaribu kwenye harusi. Ila mazoezini kilitufunza kunong'ona, kupaza na kunyamaza kwa hesabu, kwa sababu hatukuwa na pengine pa kujificha.

Rasimu ikishakamilika, sheria imemaliza kazi. Wimbo wetu mmoja wa mwezi ule una fa moja, kwenye ubeti wa mwisho. Niliirudisha baada ya kuuimba siku kadhaa bila hiyo, na waimbaji walipoifikia mara ya kwanza wawili walinyanyua macho kutoka kwenye karatasi.

Wiki hii nimepiga marufuku pigo la kwanza: hakuna sauti inayoruhusiwa kuingia hapo, wala ngoma. Nina mistari miwili. Wa tatu umegoma tangu juzi.