Jibu: Msuluhishi wa kisheria ana tofauti gani na sheha na wazee?

Ndugu muulizaji, umetaka kujua msuluhishi anayelipwa hufanya nini ambacho sheha (kiongozi wa serikali wa shehia) na wazee wa mtaa hawakifanyi, na kama karatasi inayotiwa saini mbele yake ina nguvu yoyote. Najibu kwa niliyoyapitia katika mgogoro wa shamba la mikarafuu aliloliacha marehemu baba yetu huko Wete, Pemba, ambapo sisi ndugu hatukuelewana juu ya nani asimamie uchumaji na nani apokee fedha za mauzo ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu.

Wazee walitusikiliza sote pamoja barazani, kisha wakatoa kauli. Msuluhishi hakutoa kauli yoyote. Kabla ya yote alitutaka tutie saini kwamba tumekuja kwa hiari, kwamba gharama tutachangia, na kwamba yatakayosemwa ndani hayatatumika mahkamani iwapo suluhu itashindikana. Akatueleza pia kuwa hana udugu wala deni na yeyote kati yetu. Baada ya kikao cha pamoja alizungumza na kila upande faraghani, na kwa maoni yangu hapo ndipo alipostahiki ada yake. Kaka yetu, ambaye mbele yetu alishikilia kuwa shamba lote liwe chini yake, alimruhusu msuluhishi atufikishie kwamba hofu yake hasa ni kutorejeshewa fedha alizotumia kupalilia na kuwalipa wachumaji. Bila ruhusa hiyo tusingelijua neno. Tukakubaliana gharama zenye risiti zitolewe mwanzo, kinachobaki kigawiwe kwa hisa za mirathi.

Hisa zenyewe hazikuguswa, kwani zimepangwa na sheria ya Kiislamu, na mahali pake ni Mahkama ya Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Msuluhishi anayemshinikiza dada apunguziwe fungu lake kwa jina la amani ya familia ni wa kukimbiwa.

Ama karatasi, hiyo ni mkataba, na anayeuvunja hushitakiwa kwa kuvunja mkataba. Ikiwa kesi tayari iko mahkamani, ombeni makubaliano yasajiliwe kuwa hukumu, ili utekelezaji wake udaiwe bila ya kufungua kesi mpya. Msisahau kwamba mazungumzo peke yake kwa kawaida hayasimamishi muda wa ukomo wa madai, yaani muda ambao ukipita huwezi tena kufungua kesi. Muulizeni wakili tarehe ya mwisho ya muda huo kabla ya kuanza, hasa ikiwa upande wa pili ndio unaoomba vikao viahirishwe kila mara.