Wifi Ameomba Resipi

Jumamosi iliyopita sufuria yangu kubwa, ile niliyoinunua kwa ajili ya pilau za shughuli, ilirudi nyumbani tupu. Si tupu ya watu kugawiwa wakamaliza, bali tupu ya kukombwa. Na aliyeikomba kwa kipande cha mkate, kasimama jikoni kwa mwenye shughuli, mtandio umemteremka mabegani na hana habari, ni wifi yangu. Jumapili alfajiri ujumbe ukaingia: "Wifi, hebu nielekeze ile gumbo yako." Gumbo ni mchuzi mzito wa Louisiana, Marekani, unaoliwa na wali.

Nilimwamsha mume wangu nimsomee. Akasema, "Haya, mwelekeze basi," akageukia ukutani. Wanaume hawajui uzito wa mambo haya.

Ujumbe huo nimeungoja miaka saba. Na kwa kuwa wengi mmekuwa mkiniuliza mimi mtoto wa Ngamiani, Tanga, nilijifunzia wapi mapishi ya Louisiana, leo naeleza yote. Mwenye kujitambua humu ajitambue.

Ninaishi Houston, Texas. Ukishika barabara kuu ya I-10 kuelekea mashariki, chini ya saa mbili na nusu umeshaingia Louisiana, kwa hiyo gumbo huku si chakula cha ugenini. Mwaka wangu wa kwanza nilikuta kitabu kwenye duka la mitumba, dola 3, jalada limelegea. Kilichapishwa mwaka 1984, mwandishi Paul Prudhomme. Jina halikuniambia kitu. Kilichoninasa ni penseli. Mwenyewe wa kwanza alikuwa amepika nacho miaka na miaka, akawa anaandika pembeni. Penye samaki: "Fungua madirisha!" Penye kuku: "Baba kaomba tena." Penye pilipili, katika kurasa tatu tofauti, neno lile lile: "Usipunguze." Kurasa alizozipenda zilikuwa zimenywa siagi hadi zinaangaza kama karatasi ya kufungia maandazi.

Baadaye nilikuja kuona kwamba wapishi wa nyumbani wa huku wote wako hivyo kwa huyu mpishi Prudhomme. Kulikuwa na mama mmoja niliyefanya naye kazi zamu ya usiku, mzaliwa wa jirani na Lafayette, mji wa Louisiana. Kila siku "Paul anataka hivi", "Paul hapendi vile", nami muda wote nikidhani Paul ni mumewe.

Huyo Paul alizaliwa 1940 karibu na Opelousas, Louisiana, kitindamimba wa watoto 13 wa mkulima aliyelima shamba la watu kwa kugawana mavuno. Kwao hapakuwa na umeme wala friji, hivyo kilichochumwa leo kilipikwa leo, na wakubwa zake walipoondoka nyumbani yeye ndiye akabaki msaidizi wa mama jikoni. Watu wake ni Wakajuni, wazao wa Wafaransa ambao Waingereza waliwatimua kutoka Acadia, Kanada ya leo, kuanzia mwaka 1755. Alifungua mgahawa wake wa kwanza, wa hambaga, akiwa na miaka 17. Haukumaliza mwaka. Hapo ndipo nilipompenda. Mwaka 1975 akakabidhiwa jiko la Commander's Palace, mgahawa wa wakubwa mjini New Orleans, na 1979 yeye na mkewe K wakafungua wao wenyewe, K-Paul's, mtaa wa Chartres. Watu walipanga foleni nje, na wakiingia walichanganywa meza moja na wasiowajua, tajiri na dereva.

Alifariki Oktoba 8, 2015, mwaka mmoja kabla sijakanyaga Marekani. Nikasema basi nitakula kwake hata kama hayupo. Nikadunduliza. Mwaka 2020 gonjwa likaja, K-Paul's ikafungwa moja kwa moja. Mwaka uliofuata nilikwenda hivyo hivyo, nikasimama mlangoni, nikapiga picha ya mlango. Picha ninayo.

Sasa tuje kwenye aibu yangu.

Prudhomme alibuni pishi la samaki aliyeivishwa kwa moto mkali hadi viungo vinamtengenezea gamba jeusi. Hakulirithi kwa mama yake, ni lake mwenyewe. Alitumia samaki wa Ghuba ya Meksiko aitwaye redfish, na miaka ya 1980 pishi hilo liliwatia watu wazimu nchi nzima. Redfish alikuwa hatafutwi sana kabla ya hapo, ghafla akavuliwa hadi 1986 serikali kuu ya Marekani ikasimamisha uvuvi wake wa kibiashara katika maji ya Ghuba yaliyo chini yake. Fikiria, resipi ya mtu mmoja inataka kumaliza samaki baharini.

Nami nikajisemea: samaki na viungo? Mimi? Nimekulia Tanga, changu na tasi nimeanza kuwapaa kabla sijajua kusoma. Mtu wa Louisiana atanifundisha nini?

Ilikuwa Idd pili, 2018, nyumbani kwa wifi. Kitabu kinasema minofu, isiyozidi unene wa kidole. Mimi nikachukua changu wazima na vichwa vyao, maana samaki asiye na kichwa kwetu ni mgonjwa. Kitabu kinasema kikaango cheusi cha chuma kizito, kiachwe motoni dakika 10 au zaidi, kipite hatua ya kutoa moshi hadi uone majivu meupe chini. Mimi nikatumia kikaango cha wifi kisichoshika chakula. Kitabu kinasema samaki achovywe kwenye siagi iliyoyeyushwa, kisha anyunyiziwe paprika, chumvi, unga wa kitunguu, unga wa kitunguu saumu, pilipili ya aina tatu, thaimu na oregano. Mimi nikaona ni vikavu mno, nikaongeza bizari, tangawizi mbichi na ndimu. Na tui, jamani. Nilitia tui.

Moshi ulioinuka pale sijauona tena. King'ora cha moshi kikalia, watoto na nguo zao za Idd wakatimka nje, shemeji akawa anakipunga king'ora kwa mkeka wa kuswalia. Samaki nje mkaa, ndani mbichi, damu kwenye mfupa. Wifi akamgeuza mmoja kwa uma, akamtazama, akasema kwa sauti ya kusikika sebuleni: "Wifi, samaki wako kafa mara mbili."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, ungefanyaje. Lakini kuna aliyerekodi, na kipande kile kikaingia kwenye kundi la familia. Kabla ya magharibi ya huku mama yangu, na kule Tanga ulikuwa usiku wa manane, ananipigia kuuliza: "Mwanangu, huko umesahau kupika?" Hilo ndilo lililoniuma. Kucheka kwa wifi nilikuzoea. Kuulizwa na mama, hapana.

Miaka miwili iliyofuata naikata, sikupika chochote cha maana, niliwapikia watu ubwabwa na mchicha wakashukuru. Kitabu nilikiweka juu ya kabati.

Kilichokiteremsha ni neno lenyewe. Yule mama wa zamu ya usiku aliniambia siku moja kwamba gumbo ni neno la Kiafrika, maana yake bamia. Nikabisha. Nikaenda kutafuta, nikakuta kweli: watu waliochukuliwa utumwani kutoka Angola waliita bamia kingombo. Ki-ngombo! Hiyo ki- si ya kufundishwa mtu wa kwetu. Siku ile nilijiona mjinga. Mabibi wa watu walivuka bahari na jina la mboga mdomoni, likakaa Louisiana zaidi ya miaka 200, nami kwa sababu ya mdomo wa wifi nimekiweka kitabu kabatini.

Nikajiwekea sharti moja, na ndilo ushauri wangu wote wa leo: pika kama ilivyoandikwa. Mara ya kwanza usiongeze, usipunguze, usibadilishe. Mara ya pili pia. Ya tatu, kama bado unaona tui linahitajika, litie (halihitajiki).

Kichwa changu kilikuwa kigumu kwenye ruu. Ruu ni unga wa ngano unaokaangwa kwenye mafuta, ndio mwili wa gumbo. Wapishi wengi huikoroga kwa moto mdogo saa nzima. Prudhomme yeye anataka mafuta yafuke moshi kwanza, ndipo utie unga, na mkono usisimame hata kupangusa jasho. Inapita rangi ya karanga, inapita rangi ya asali, inaingia rangi ya halua, halua ile ya kaskazi iliyoiva sawasawa, nyekundu inayoelekea weusi. Hapo una nukta chache tu. Ukiona chembe nyeusi zinaelea, imeungua, mwaga. Usiionee huruma, usiichuje, usiseme kitunguu kitaifunika. Mimi nimemwaga ruu saba kabla ya kupata moja. Na vaa mikono mirefu. Wapishi wa Louisiana huiita napalmu, jina la bomu la moto unaoganda mwilini, na mimi alama ya tone moja ninayo kiwikoni hadi leo.

Inapofika kwenye halua unaizimua kwa kumimina kitunguu, pilipili hoho na seleri zilizokatwa vidogo. Hivyo vitatu wao huviita utatu mtakatifu. Nilipomweleza mume wangu akasema astaghfirullah, nikamwambia ni mboga, baba, tulia. Kisha ruu inatiwa kijiko kijiko kwenye supu ya kuku inayochemka, kila kijiko kiyeyuke ndipo kifuate kingine. Nilidhani ni mbwembwe. Nikaimwaga yote mara moja, ikaganda mabonge kama ugali uliokorogwa na mtoto. Pika kama ilivyoandikwa.

Na pilipili zile tatu, nyeusi, nyeupe na nyekundu, nilikuwa naona ni ufujaji, pilipili si pilipili? Nikaipika siku moja bila nyeupe. Ilikuwa kama taarabu isiyo na fidla: wimbo unaujua, lakini unageuka geuka kutafuta nani hakuja. Penseli ilishaniambia, usipunguze.

Mtaniuliza kuhusu nyama ya nguruwe. Ndiyo, soseji yake ya asili, andouille, ni ya nguruwe, na mimi natumia ya ng'ombe ya kukaushwa kwa moshi kutoka bucha ya halali. Hapo nimebadilisha, na nimebadilisha kwa sababu anayoijua Mola wangu. Wewe ukibadilisha kwa sababu umeona uvivu kwenda dukani, hiyo si sababu. Na gumbo hii ya kuku na soseji katika kitabu haina bamia hata moja, pamoja na jina lake. Msininunie mimi.

Sasa niseme la moyoni, maana najua ninyi mnaosoma hapa mna ndoto kama zangu. Unataka oda za shughuli. Unataka siku moja jina lako liwe kwenye gari la chakula. Basi acha kujiona umezaliwa unajua. Sisi watu wa pwani tuna ugonjwa huu, tukiona iliki na karafuu tunadhani dunia nzima ya viungo ni shamba la babu. Chakula cha watu kina wenyewe. Ingia kwa hodi, vua viatu, kaa unapoonyeshwa, ule unachopewa. Mimi niliingia kwa mlango wa Prudhomme na viatu vyangu, na tui langu mkononi, nikatoka na moshi. Kijana ambaye mgahawa wake wa kwanza ulimfia kabla ya mwaka hakuona haya kurudi kujifunza kwenye majiko ya watu, wewe unaona haya ya nini? Pika kama ilivyoandikwa! Na ninyi mnaorekodi wenzenu wakiunguza, mjue kwamba samaki anasahaulika, ila aliyecheka kwanza hasahauliki.

Nimepandisha sauti. Samahani.

Jumamosi basi. Shughuli ilikuwa ya kumfurahia mtoto wa binamu ya mume wangu, watu kama 40. Niliamka baada ya alfajiri, nikapika ruu mara tatu kwa sababu ukiipika nyingi kwa pamoja mkono haufiki kote. Wali pembeni, gumbo juu yake. Wazee waliitazama kwanza kwa mashaka, ile rangi yake ya matope. Mzee mmoja wa Mombasa akaionja, akanyamaza, akasogeza sahani arudishiwe. Shemeji, yule wa mkeka, alikula tatu. Na wifi alikaa mbali mwanzo, akila sambusa, akinitazama. Sikumkaribisha. Alikuja mwenyewe.

Nilimwandikia jana, kurasa mbili, kila kitu hadi dakika, na mwisho nikaandika kwa herufi kubwa asibadilishe chochote. Leo asubuhi kajibu: "Ahsante wifi. Seleri sina, nimetia karoti. Na ruu imetoa vidoti vyeusi, ila si itafunikwa na kitunguu?"

Nimeusoma mara tatu. Chai yangu nimeipasha moto upya, na bado sijamjibu.