Maswali yenu kuhusu Jackie Evancho na watoto waimbaji wa televisheni

Wiki iliyopita niliandika kwa kifupi habari za Jackie Evancho, binti wa Pittsburgh, Marekani, aliyepanda jukwaa la America's Got Talent, shindano la vipaji la televisheni ya huko, mwaka 2010 akiwa na miaka 10, akafungua kinywa na ikatoka sauti ambayo hakuna aliyeitegemea kwa mwili mdogo vile. Maswali yamekuja mengi, na zaidi ya nusu yameandikwa na wazazi. Najibu niwezayo.

*Nyumbani tunabishana. Mume wangu anasema yule mtoto alishinda, mimi nasema hakushinda. Nani mkweli?* (Msomaji, Mwanza)

Wewe, mama. Evancho alikuwa wa pili. Mshindi wa msimu ule wa tano alikuwa Michael Grimm, mwimbaji wa nyimbo za soul. Lakini namwelewa mumeo, maana Novemba ya mwaka uleule Evancho alitoa santuri yake ya Krismasi, O Holy Night, nayo ikaingia moja kwa moja nafasi ya pili kwenye Billboard 200, chati ya albamu zinazoongoza Marekani. Kabla mwaka haujaisha ikapewa hadhi ya platinamu, ile ya nakala milioni moja, na hakuna mwimbaji wa peke yake mwenye umri mdogo kama ule aliyekuwa ameifikia Marekani. Desemba akaimba Washington, mbele ya Rais Obama, wakati wa kuwasha taa za mti wa Krismasi wa taifa.

*Watoto kama hawa huokotwa wapi? Inakuwaje mtoto anatokea tu siku moja na kuwa nyota?* (Mwalimu, Kilifi)

Hakutokea siku moja, mwalimu. Aliona filamu ya The Phantom of the Opera akiwa bado mdogo sana, akaanza kuziimba nyimbo zake akizunguka nyumbani. Akiwa na miaka minane hivi wazazi wakampeleka kwenye mashindano madogo ya huko kwao, na hata huko akawa wa pili. Mwaka 2009 akarekodi CD ya kwanza, isiyo na kampuni kubwa nyuma yake. Akaenda kwenye usaili wa America's Got Talent akakataliwa, akarudi akakataliwa tena. Mara ya tatu alipita kwa mlango mwingine: shindano la video za YouTube ambalo watazamaji waliwapigia washiriki kura. Nawaomba walimu wenzangu wa muziki wawasimulie watoto sehemu hiyo hasa, ya kukataliwa mara mbili. Majaji walioketi mbele yake mwaka 2010 waliona matunda tu.

*Ile sauti ni yake kweli? Rafiki yangu anasema alikuwa anachezesha midomo. Na je, ile ndiyo opera?* (Kijana wa kwaya, Nairobi)

Ni yake. Shaka hiyohiyo iliwapata Wamarekani wengi usiku ule ule, hata kipindi kilichofuata akaombwa aimbe zoezi la sauti papo hapo jukwaani, akaliimba. Maneno yakakoma.

Hilo la opera lina uzito zaidi. Wimbo alioanza nao, O mio babbino caro, ni wa opera kweli. Umetoka katika Gianni Schicchi ya mtunzi wa Kiitaliano Puccini, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza New York mwaka 1918, na anayeuimba ni msichana anayembembeleza baba yake amruhusu kuolewa na ampendaye, la sivyo atajitosa mtoni. Miaka mitatu baada ya Evancho, binti mwingine, Amira Willighagen wa Uholanzi, aliuimba wimbo huohuo akiwa na miaka tisa, akashinda Holland's Got Talent. Una mdundo wa polepole, ni mfupi, na kila anayeusikia huupenda. Ndiyo sababu watoto huuchagua.

Ila mwimbaji wa opera hujaza ukumbi mzima bila kipaza sauti, okestra ikipiga chini yake. Kazi hiyo huitaka miili iliyokomaa na mafunzo ya miaka mingi. Mtoto aliyeshika kipaza sauti anafanya kazi nyingine, na mimi siidharau hata kidogo: kuimba kwa usafi wa noti, kwa pumzi iliyopangwa, kwa lugha ambayo si yake. Tukiiita opera tunamtwisha mtoto mzigo usio wake, halafu akifika miaka 15 tunamlaumu kwamba ameshuka.

*Binti yangu ana miaka tisa. Mwalimu wa kwaya anamtaka aimbe kwa sauti kubwa nyimbo za watu wazima, na siku hizi anaamka amekauka koo. Nifanye nini?* (Mama, Morogoro)

Mpumzishe wiki hii. Usingoje Jumapili ipite.

Nyuzi za sauti za mtoto ni fupi na laini. Anapolazimishwa kutoa sauti nzito ya mtu mzima hukaza koo na taya, nyuzi zinagongana kwa nguvu, zinavimba. Zikizoea hivyo huota vinundu. Koo likikauka kwa siku mbili baada ya mkesha, maji na kunyamaza hutosha. Hali ikizidi wiki mbili au tatu, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kunong'ona si kupumzika, kwa hiyo mwambie anyamaze kabisa au aongee taratibu kwa sauti yake ya kawaida.

Hata walioshinda huumia. Bianca Ryan, aliyeshinda msimu wa kwanza kabisa wa America's Got Talent mwaka 2006 akiwa na miaka 11, baadaye alipata tatizo la kupooza uzi wa sauti na kufanyiwa upasuaji.

Na kwa wenye watoto wa kiume: sauti itavunjika, haiepukiki. Katika kwaya ninayofundisha nilikuwa na kijana wa miaka 13 aliyekuwa mhimili wa sauti ya kwanza. Ilipoanza kukatika katikati ya mistari, watu walitaka nimbakize mpaka Pasaka kwa sababu hapakuwa na mwingine. Nilimshusha wiki ileile. Alilia, na mimi niliumia, lakini leo anaimba besi na koo lake ni zima.

*Mshindi hupewa dola milioni moja. Mtoto akishinda, nani anazishika?* (Baba, Dodoma)

Kwanza, hizo milioni hazitoki kwa mkupuo. America's Got Talent huandika wazi kwamba zawadi hulipwa kidogo kidogo kwa miaka 40, sawa na dola 25,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Anayetaka zote mara moja hupewa thamani yake ya leo, ambayo ni pungufu kwa kiasi kikubwa.

Pili, Wamarekani walijifunza kwa machungu. Jackie Coogan, mtoto aliyecheza na Charlie Chaplin katika The Kid ya mwaka 1921, alivuna mamilioni ya dola utotoni. Alipokua akakuta mama yake na baba wa kambo wamezitumia. Akawashtaki mwaka 1938, akapata sehemu ndogo tu. Mwaka uliofuata California ikatunga sheria ya kumlinda mtoto msanii, na leo asilimia 15 ya mapato yake huwekwa kwenye akaunti ya amana asiyoigusa mtu hadi atimize miaka 18.

Tanzania mtoto wa chini ya miaka 18 hafungi mkataba mwenyewe, kwa hiyo sahihi itakuwa yako. Mpe wakili ausome kabla. Tazama umri wa mkataba: ukifunga miaka saba kwa mtoto wa miaka 11, umeuza ujana wake wote. Na fungua akaunti kwa jina lake kabla shilingi ya kwanza haijaingia, kwa sababu ikishachanganyika na ya ada na kodi ya nyumba, hakuna atakayeitenganisha.

*Ziara zile na shule vilienda pamoja?* (Msomaji, Zanzibar)

Kwa tabu. Albamu ya Dream With Me ilitoka Juni 2011, ikifuatiwa na matamasha katika miji mingi. Novemba, akiwa na miaka 11, aliimba Lincoln Center, New York. Sehemu ya masomo aliyafanya kwa shule ya mtandaoni. Mwaka 2022 alieleza hadharani jinsi alivyopambana tangu ujana wake na ugonjwa wa kujinyima chakula, hadi mifupa yake ikadhoofika. Nilipousoma ule ushuhuda niliwaza juu ya vile vigauni na yale maoni ya watu wazima kuhusu umbo la mtoto, kila siku, kwa miaka. Mzazi mwenye mtoto jukwaani aangalie sahani yake kama anavyoangalia ratiba yake.

*Wa kwetu wapo?* (Mwanafunzi, Arusha)

Kwa kucheza, wapo: Ghetto Kids wa Kampala walifika fainali ya Britain's Got Talent mwaka 2023, na jaji Bruno Tonioli aliwabonyezea kitufe cha dhahabu, kile kinachompitisha mshiriki moja kwa moja hadi nusu fainali, hata hawajamaliza kucheza.

*Evancho yuko wapi sasa?* (Msomaji, Muscat)

Anaimba bado. Januari 2017, akiwa na miaka 16, aliimba wimbo wa taifa Donald Trump alipoapishwa. Mwaka 2019 alirudi kwenye jukwaa lilelile katika msimu wa mabingwa. Albamu yake ya 2022, Carousel of Time, ni nyimbo za Joni Mitchell, mwimbaji na mtunzi wa Kanada. Hakuna wa opera hata mmoja.