Je, shirika lisilo la faida linalipa kodi?

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni shirika dogo mkoani Morogoro. Tunaendesha maktaba ya watoto na kuuza sare tunazoshona. Mhasibu wetu anasema kuwa, kwa kuwa tumesajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, kodi haituhusu. Ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, si kweli, na kosa hili limeyagharimu mashirika mengi yenye nia njema. Usajili huo unalipatia shirika uhai wa kisheria tu; hadhi ya shirika la hisani, kwa mujibu wa Sheria ya Kodi ya Mapato, huombwa kwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato Tanzania, ambaye huangalia iwapo shirika limeanzishwa kwa ajili ya kuondoa umaskini, kuendeleza elimu, au kutoa huduma za jamii kama afya na maji. Bila uamuzi wake, faida ya sare zenu hutozwa asilimia 30 kama ya kampuni yoyote.

Hata mkiipata hadhi hiyo, bado mtawasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi, kila mwaka. Mishahara ya watumishi wenu itakatwa kodi, nayo iwasilishwe ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Kadhalika mnapomlipa mwenye nyumba pango la maktaba, mnawajibika kuzuia asilimia 10 ya pango hilo kama kodi, jambo ambalo viongozi wengi hulisahau. Tafadhali andikeni ombi lenu mapema, mkiambatanisha katiba ya shirika na hesabu zilizokaguliwa.