Kuchaji simu stendi na ndani ya basi

Dada, umeuliza kama ni salama kuchaji kwenye USB za stendi ya Magufuli au za basi la Mwanza, maana umesikia wezi wanavuta data na kukomba M-Pesa.

Kitaalamu inawezekana. Waya wa USB wa kawaida una nyaya mbili za umeme na mbili za data. Watafiti walilionyesha hilo mwaka 2011 kwenye DEF CON, mkutano wa wadukuzi na wataalamu wa usalama wa kompyuta, Las Vegas, na Aprili 2023 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ikawatahadharisha wasafiri. Ila simu za siku hizi huchaji tu mpaka uruhusu zaidi. Kioo kikikuuliza "Iamini kompyuta hii?" au uhamishe faili, kataa, chomoa. Chaja haina kazi na picha zako.

Beba kichwa chako cha chaja, uchomeke kwenye soketi ya ukutani. Pawabenki ni bora zaidi.

Mimi ningehofia zaidi vile vibanda vya kuchajisha, unapomwachia kijana simu ukaenda kula chipsi. Hapo hahitajiki mtaalamu: anachomoa laini, anaiweka kwenye simu yake, namba za uthibitisho za SMS zinaingia kwake. Weka PIN kwenye laini yenyewe, isiwe ile ya M-Pesa. Utaikuta kwenye mipangilio ya usalama. Kwanza ulizia mtandao wako PIN ya sasa, kwani ukikosea mara tatu laini inajifunga na kudai PUK, yaani namba ya kuifungulia.