Kuzalisha kambare kwenye tangi la nyumbani: wape muda wapevuke

Swali ninaloulizwa sana ni hili: kambare anafikisha umri gani ndipo aanze kutaga? Inategemea ni kambare yupi.

Kama ni huyu wa bwawani, Clarias gariepinus, ambaye Waganda humwita male, mwache bwawani. Hupevuka akikaribia mwaka mmoja, lakini umri huo tayari ni samaki mkubwa, anapumua hewa, anaweza kuruka nje ya tangi usiku na asubuhi ukamkuta chini ya kochi, tena bado yu hai. Isitoshe, kifungoni hatagi mwenyewe. Porini hungoja mvua akapanda kwenye nyasi zilizofurika. Kwenye bwawa mayai hujaa tumboni na kubaki humo mpaka jike achomwe homoni, na dume kwa kawaida hupasuliwa ili manii yapatikane. Halafu vifaranga wakipishana ukubwa wanakulana. Soko lake lipo, maana hata wavuvi wa sangara Ziwa Victoria huwatumia vifaranga hao kama chambo, lakini hiyo ni kazi ya kituo cha kuzalishia, si ya sebuleni. Anayeitaka aulize kwenye kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki pale Kajjansi, njia ya Entebbe.

Kwa tangi la kioo mimi nasimama na kambare wadogo wa Amerika Kusini, hasa Corydoras, ambao hapa nitawaita kori. Kori wa shaba hupevuka kati ya miezi 8 na 12, na majike wengine huchelewa zaidi. Shida ni kwamba dukani utauziwa wenye sentimita tatu na kuambiwa hao ni wazazi. Si wazazi. Nunua sita au zaidi wakiwa wadogo, uwalee mwenyewe, hapo utaujua umri wao bila kumtegemea muuzaji. Kundi lenyewe litakupa madume na majike. Madume wawili kwa jike mmoja ni uwiano mzuri.

Kumtambua jike aliyeiva, usimtazame kwa ubavu. Simama juu ya tangi uangalie chini: jike ni mpana nyuma ya mapezi ya kifuani, dume ni mwembamba kote. Jike akiwa bado mwembamba, hata kama ametimiza mwaka, hana mayai, na ujanja wote wa maji hautasaidia. Mlishe kwanza. Nyungunyungu waliokatwakatwa wanafaa sana, na viluwiluwi vya mbu ni bora zaidi, ila ndoo unayowafugia uifunike kwa neti, la sivyo utakuwa unazalisha malaria mtaa mzima.

Sakafu ya tangi iwe mchanga laini uliooshwa mpaka maji yake yatoke safi. Kokoto zenye ncha huwakwangua sharubu, na kori asiye na sharubu hawezi kutafuta chakula vizuri. Hita wengi wetu Kampala hatuihitaji, maana kori wanaridhika na nyuzi 22 hadi 26. Maji ya bomba yana klorini, kwa hiyo yalaze siku nzima kwenye pipa lililo wazi huku pampu ya hewa ikiyatibua.

Sasa kinachowaamsha. Kwao hutaga mvua zinapoingia, maji ya mto yakipoa ghafla. Uganda tumebahatika hapo, kwa sababu mvua za Machi hadi Mei, na tena zile za Septemba hadi Novemba, zinakufanyia nusu ya kazi. Siku wingu limetanda, ondoa theluthi au nusu ya maji, urudishe yaliyopoa kidogo kuliko ya tangini. Maji ya mvua yanafaa pia, lakini yale ya mwanzo yaliyoosha vumbi la mabati yamwage. Wasipotaga, rudia baada ya siku chache.

Wakiwa tayari utaona madume wanamfuata jike wakimpapasa kichwani. Kisha jike anaweka mdomo ubavuni mwa dume, wanatulia hivyo kwa muda, na yeye anakunja mapezi ya tumboni kama kiganja, anapokea humo yai moja hadi manne. Anaondoka nayo, anachagua mahali kwenye kioo, anapasafisha kwa mdomo, anayabandika. Anarudi tena. Shughuli hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa, na nisingekushauri uendelee na kazi nyingine wakati huo, kwani wakimaliza tu wanaanza kuyala.

Yakishakakamaa kidogo, yaviringishe kwa ncha ya kidole mpaka yabanduke, uyatie kwenye chombo cha plastiki chenye maji yaleyale ya tangi na bomba la hewa linalotoa mapovu taratibu. Yanayogeuka meupe yameoza. Yatoe kabla ukungu haujaambukiza mengine. Huanguliwa kwa siku 3 hadi 5. Siku mbili za kwanza vifaranga wanaishi kwa kiini walichozaliwa nacho, usiwape kitu. Baada ya hapo ni kamba wadogo wa maji chumvi walioanguliwa karibuni, ukiwapata. Kiini cha yai la kuku lililochemshwa kinatumika pia, ila kiwe cha kuchovya kwa ncha ya sindano, na mabaki uyanyonye jioni ileile. Vifaranga wengi hufa kwa maji machafu kuliko kwa njaa.

Pleko mdogo, Ancistrus, kambare mwingine wa Amerika Kusini, ni rahisi zaidi. Naye hupevuka kati ya miezi 8 na 12, dume akiota vinyweleo puani. Mwekee kipande cha bomba kilichozibwa upande mmoja, atayalinda mayai mwenyewe humo ndani. Wewe kazi yako ni kuwalisha matango na kuwa na pampu ya betri kwa siku umeme unapokatika.