Mwanangu, hayo maziwa ya mbuzi usimpe kwanza

Mwanangu, voisi yako nimeisikiliza. Umeniuliza kama ni kweli maziwa yako ni mepesi na mtoto wa miezi miwili aanzishiwe ya mbuzi, sababu jirani kakwambia mafuta yake ni laini kama ya binadamu. Usimpe, na nataka uelewe kwa nini, usikubali tu kwa vile mi ni mama yako.

Wingi wa mafuta sio tatizo kabisa, kwa wastani yako, ya ng'ombe na ya mbuzi yote yanakaa kwenye gramu 3 hadi 4 na kitu kwa mililita 100. Ila ya kwako yanabadilika humo humo mtoto anaponyonya, yanayotangulia mepesi, yanayofuata mazito. Kamua kidogo kabla hajanyonya uweke kwenye glasi, kamua tena akishamaliza uweke kwenye nyingine, acha kwenye friji mpaka asubuhi alafu linganisha mafuta yaliyopanda juu. Ndo maana nakwambia usimkatishe, amalize ziwa moja ndo umpe la pili.

Jirani yako hajadanganya yote. Matone ya mafuta ya mbuzi kweli ni madogo kuliko ya ng'ombe, na yana asidi za mafuta fupi fupi nyingi ambazo tumbo linazisaga haraka, hizo hizo zinachangia ile harufu ya beberu. Lakini mafuta ya kwako yamepangwa kivingine. Kuna asidi inaitwa palmitiki, kwako nyingi inakaa katikati ya molekuli ya mafuta na inafyonzwa vizuri, kwa ng'ombe nyingi iko pembeni, ikikatika inashikana na kalsiamu inakuwa sabuni humo utumboni, choo kinakuwa kigumu na hivyo vyote viwili vinatoka bure. Alafu maziwa yako yanakuja na lipasi yake, kimeng'enya cha kusaga mafuta kinachoamka kikikutana na nyongo, maana kongosho la mtoto, linalotoa vimeng'enya vya kusaga mafuta, bado changa. Ya mbuzi hayana hiyo, na ya ng'ombe pia.

Na hapo sijagusa mengine. Ya mbuzi yana foleti, vitamini ya kutengeneza damu, kidogo sana, mtoto akiyategemea anaishiwa damu, na protini yake ni zaidi ya mara tatu ya yako, figo zile ndogo zinaelemewa. Yakiwa mabichi ndo usiseme, kuna brusela, bakteria wa mifugo anayeleta homa kwa binadamu. Mbuzi wa baba yako wapo, atakunywa akishatimiza mwaka, tena yaliyochemshwa.

Sasa nipigie picha kadi ya kliniki nione mstari wa uzito. Kama haupandi, kesho nenda wamwangalie anavyoshika ziwa, na ikibidi aongezewe watakuelekeza maziwa ya kopo ya umri wake.